Wati Elfu Kumi za Debe Tupu

Wasomaji wangu, mtaniwia radhi. Majuma matatu yamepita bila mimi kuandika lolote hapa. Kazi ilinibana: kuna mfumo wa malipo tuliokuwa tukiuhamisha kutoka seva moja hadi nyingine, na wenzangu wa programu wanajua usiku wa namna hiyo huishaje. Lakini sikuwa nimewasahau. Katika muda huo wanne kati yenu wameniuliza swali lile lile kwa maneno tofauti: "Nina tarakilishi, nina nyimbo, nina shilingi elfu tano au sita hivi. Ninunue wufa gani?"

Jibu langu ni fupi. Usinunue wufa.

Najua baadhi yenu mmeshakasirika. Wufa ni kitu cha heshima Kenya hii. Kijana akipata mshahara wa kwanza hununua godoro, mtungi wa gesi na wufa, na mara nyingine godoro husubiri. Mimi pia nilikuwa hivyo. Ndiyo maana naandika leo, kwa sababu nilinunua, nikajuta, na nikataka kujua ni kwa nini nimejuta. Nilichokiona ndani ya lile sanduku ni uongo, na uongo huo huuzwa mchana kweupe kwa watu wasio na pesa za kupoteza.

Nianze na mjomba wangu, maana ndiye aliyenifungua macho, au niseme masikio.

Miaka ya themanini mjomba alipiga gitaa la ridhimu katika bendi ya hoteli moja huko Nakuru. Si bendi mliyowahi kuisikia, maana haikurekodi santuri hata moja. Kilichobaki ni kaseti tatu zilizorekodiwa kwa redio iliyowekwa juu ya meza karibu na jukwaa. Mwaka jana nilizichukua, nikatafuta deki ya kaseti inayofanya kazi, nikaiunganisha na tarakilishi na kuzihamisha zote kwa programu ya Audacity, ambayo ni ya bure. Kazi ya wikendi mbili. Nilipomaliza nikaona hizi nyimbo zinastahili spika za maana. Nikateremka Luthuli Avenue na shilingi 6,500, nikarudi na sanduku moja kubwa la kuweka chini ya meza, visanduku viwili vidogo vya kuweka juu, taa za buluu zinazocheza, rimoti, na boksi lililoandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni: 10,000W PMPO.

Jumapili nikamwalika mjomba chakula cha mchana. Baada ya kula nikamketisha kwenye kiti changu cha kazi, nikabonyeza kitufe. Dirisha likatetemeka. Kikombe cha chai kikatembea chenyewe juu ya meza. Mimi nikawa natabasamu kama mtu aliyefanya jambo kubwa. Mjomba aliinamisha kichwa, akasikiliza wimbo wa kwanza, akasikiliza wa pili. Kisha akaniuliza, "Mpwa wangu, mbona mmenitoa?"

Nikadhani ni mzaha. "Hakuna aliyekutoa, Mjomba. Ni kaseti zile zile."

"Besi namsikia," akasema. "Ngoma naisikia. Mwimbaji namsikia, ingawa ni kama anaimbia chooni. Mimi simo."

Nikamwambia kaseti ni nzee, miaka arobaini si mchezo. Akakubali kwa kichwa, akamaliza chai yake, tukazungumza habari za shamba. Usiku ule, baada ya kumsindikiza hadi steji, nilichomeka hedifoni kwenye tarakilishi nikasikiliza nyimbo zile zile. Mjomba alikuwamo. Kuanzia mwanzo hadi mwisho, gitaa lake halikupumzika hata mara moja. Kumbe kaseti haikumpoteza. Shilingi zangu 6,500 ndizo zilizompoteza.

Sasa tuzungumze hesabu, maana hapa ndipo wakora wanapotuwezea.

Hiyo PMPO ni nini? Wauzaji husema ni nguvu ya juu kabisa ya muziki. Shida ni kwamba hakuna kanuni moja inayokubaliwa ya kuipima. Kila kiwanda kinaweza kupiga hesabu yake, kikachukua nukta fupi ya sekunde ambayo mitambo haijaungua, kikazidisha kwa idadi ya spika, kikazidisha tena kwa chochote kinachopendeza, na kuandika jibu kwenye boksi. Kipimo chenye maana ni kile kinachoandikwa RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa mfululizo bila sauti kukwaruza. Boksi langu halikuwa na herufi hizo popote.

Huhitaji kuwa mhandisi ili uushike uongo huu. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 240. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampea 13 isiyozidi hapo. Zidisha 240 kwa 13, unapata wati 3,120. Huo ndio mwisho wa nguvu ambayo plagi moja inaruhusu. Wufa ya wati 10,000 za kweli ingehitaji plagi nne na waya wa nyumba nzima kuchemka. Au tumia hesabu ya tokeni, ambayo sote tunaielewa vizuri zaidi. Wati 10,000 kwa saa moja ni uniti 10. Ungenunua tokeni za uniti 10, uweke muziki saa nane mchana, na ifikapo saa tisa uko gizani. Hilo limewahi kumpata nani? Hakuna. Wufa hupigwa kutwa nzima na tokeni hazishtuki, kwa sababu wufa haili umeme wa kushtua mtu.

Na ukweli umeandikwa, ila umeandikwa mahali ambapo hakuna anayetazama. Geuza lile sanduku kubwa. Nyuma, karibu na waya wa umeme unapoingilia, kuna kibandiko kidogo cha rangi ya fedha. Changu kilisema AC 220-240V, 50Hz, 25W. Ishirini na tano! Mbele elfu kumi, nyuma ishirini na tano. Na hizo ishirini na tano ni umeme unaoingia, si sauti inayotoka, maana sehemu yake hupotea kama joto. Kwa wati 25 zile uniti zako 10 zinakaa saa 400. Yaani kampuni ile ile, katika boksi lile lile, imesema mambo mawili ambayo hayawezi kuwa kweli pamoja, na likaweka la kweli mgongoni.

Nilikuwa nimeshakasirika, basi nikachukua bisibisi. Ndani ya sanduku kulikuwa na hewa nyingi, transfoma ndogo kiasi cha kukaa kwenye kiganja, na kibao kimoja chenye kipande cha TDA2030. Mafundi wa redio wanakijua kipande hiki kama wanavyoijua njia ya kwenda nyumbani. Ni cha siku nyingi, ni cha bei nafuu, ni kizuri, na waliokibuni wanasema wazi kwamba kinatoa wati 14 kikipewa umeme wa kutosha. Katika sanduku langu hakikupewa umeme wa kutosha. Mimi sina ugomvi na TDA2030. Kilifanya kazi yake kwa uaminifu. Ugomvi wangu ni na aliyekivalisha koti la wati elfu kumi. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, na sasa nimelifungua nikaliona.

Mtu anaweza kusema: haya, wati ni za uongo, lakini si inapiga? Swali zuri. Basi nikafanya kile ninachojua kufanya. Niliandika programu fupi ya Python, mistari isiyozidi thelathini, inayotoa sauti moja baada ya nyingine kutoka hezi 40 hadi hezi 1,000, zote kwa nguvu sawa. Nikaweka simu mahali kichwa changu hukaa, na programu ya kupima desibeli, nikaandika kila jibu kwenye jedwali. Simu si maabara, lakini inatosha kukuonyesha mlima na bonde.

Mlima ulikuwa kwenye hezi 90 hivi. Chini ya hapo sauti ilishuka haraka. Kwenye hezi 50 karibu hakukuwa na kitu ila upepo unaotoka kwenye lile tundu la sanduku. Maana yake hiyo besi tunayoisifu si besi. Ni noti moja ambayo sanduku lenyewe linapenda kuivuma, na kila noti ya besi iliyo karibu hugeuka kuwa ile moja. Uzi mnene wa gitaa la besi hulia hezi 41. Mpigaji anapanda na kushuka, anatembea, anauliza na kujibu, na wewe unasikia du-du-du-du moja mwanzo hadi mwisho.

Bonde lilikuwa baya zaidi. Kuanzia hezi 170 hivi hadi 300 sauti ilizama. Sababu yake ni rahisi. Vile visanduku vya juu ya meza vina spika ya inchi mbili ndani ya plastiki nyepesi, na spika ndogo hivyo haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kwa sauti za chini. Kwa hiyo kiwanda hukabidhi kazi hiyo kwa sanduku la chini, lakini sanduku la chini nalo limeundwa kwa kuvuma, si kwa kuimba, likachoka kabla ya kufika pale visanduku vinapoanzia. Katikati pakabaki shimo. Na ni nani anayeishi katika shimo hilo? Sauti ya mwanamume anayezungumza huanzia kama hezi 85 hadi 180, ya mwanamke kama 165 hadi 255. Nyuzi nene za gitaa la kawaida huanzia hezi 82 na kupanda. Kwa ufupi, watu wanaishi humo. Mjomba wangu alikuwa humo.

Fikiria sasa muziki wetu wenyewe. Rhumba ya Kongo ina gitaa la solo, la ridhimu, na katikati yake lile wanaloliita mi-solo, yote yakizungumza pamoja. Les Wanyika, iliyoanzishwa hapa Nairobi mwaka 1978, haikuwa na kundi la tarumbeta. Utamu wake wote ni gitaa la ridhimu na besi yakisukana kama ukili. Benga ya D. O. Misiani na Shirati Jazz, gitaa la besi linakimbia kama linaloshindana na solo. Taarab ya Mombasa, ondoa katikati ubaki na nini? Huu ni muziki wa katikati. Halafu sisi, wenye muziki huu, ndio tunaonunua kwa wingi vifaa visivyo na katikati. Tunawapigia watoto wetu nyimbo hizi zikiwa zimekatwa kiuno, kisha tunashangaa wakisema nyimbo za zamani hazina kitu.

Najua pingamizi mbili zitakazokuja, basi nizijibu mapema.

Ya kwanza: "Sisi tunapenda besi." Hata mimi. Nimekulia kwenye matatu za Buruburu, najua raha ya kusikia muziki kwa mbavu. Na nikisema kweli, kama unaandaa sherehe uwanjani, watu hamsini, vumbi, na anayetaka kucheza acheze, basi nenda na sanduku kubwa. Lakini hilo si swali mliloniuliza. Mliuliza spika za mezani, za mtu mmoja au wawili, za kusikilizia muziki. Mimi hukaa mbele ya tarakilishi saa nane au tisa kwa siku. Saa nane za noti moja ya hezi 90 si raha, ni maumivu ya kichwa. Na sauti hiyo ndiyo inayopenya ukuta kuliko zote. Jirani yako hasikii wimbo, anasikia du-du-du pekee, na mtoto wake haamki vizuri.

Ya pili: "Spika nzuri ni za matajiri." Hii ndiyo inayoniuma, kwa sababu ni kinyume. Tajiri akidanganywa shilingi 6,500 hatagundua. Anayedanganywa ni mwanafunzi wa chuo, askari wa usiku, mama wa duka, waliojinyima miezi miwili. Mtu mwenye pesa chache ndiye anayepaswa kupata kila senti ya sauti aliyoilipia. Katika ile wufa yangu nililipia taa za buluu, rimoti, redio ya FM, tundu la kadi ya kumbukumbu, kipaza sauti cha karaoke ambacho sijawahi kukitoa kwenye nailoni, na sanduku la tatu. Baada ya hayo yote, kilichobaki cha kununulia spika zenyewe kilikuwa nini? Toa sanduku la tatu, toa taa, toa karaoke, pesa zile zile zikaingia kwenye spika mbili tu, na maisha yanabadilika.

Na unahitaji wati ngapi? Utashangaa. Spika ya kawaida ikipewa wati moja, umbali wa mita moja, hutoa desibeli 85 hivi. Mezani wewe uko karibu zaidi ya mita, na spika ni mbili. Desibeli 85 ndicho kiwango ambacho wataalamu wa afya ya kazini wa Marekani, NIOSH, wanasema usikae nacho zaidi ya saa nane kwa siku, la sivyo masikio yataanza kulipa. Kwa hiyo wati moja ya kweli kila upande inakufikisha pale ambapo wenye hekima huanza kuhesabu saa. Wati 10 za kweli zinakupa nafasi ya kutosha kwa ngoma kupasuka bila kukwaruza. Wati 10,000 za kweli zingekufikisha desibeli 125, kiwango cha maumivu. Hata uongo wao, ungekuwa kweli, usingekufaa.

Basi ununue nini? Mimi sipokei senti kutoka kwa kampuni yoyote, kwa hiyo nitawaambia ninavyoona.

Kama pesa ni kidogo kabisa, nunua spika mbili ndogo zisizo na sanduku la chini, zenye RMS iliyoandikwa. Creative, kampuni ile ya Singapore iliyotuletea Sound Blaster mwaka 1989, wana Pebble: spika mbili za inchi mbili zilizoinuliwa kuelekea usoni, zinazokula umeme wa USB, na wanaandika bila aibu wati 4.4 RMS. Logitech Z120 ni wati 1.2 tu na wameandika hivyo hivyo. Hizi hazitakupa besi nzito, na hazikuahidi. Zitakupa sauti ya mtu na gitaa. Hapo hapo jihadhari: tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa volti 5 na ampea 0.5, yaani wati 2.5. Ukiona spika za USB zimeandikwa wati 1,000, unajua la kufanya.

Kama unaweza kungoja miezi miwili zaidi, ngoja. Spika mbili za mbao zenye umeme wake, koni ya inchi nne na twita ndogo juu yake, ndizo zinazoziba lile shimo. Edifier R1280T ni mfano unaojulikana: koni ya inchi nne, twita ya milimita 13, wati 21 RMS kila upande. Inapita bajeti ya elfu sita, sitawadanganya. Lakini ukinunua leo ya 6,500 ya uongo na mwaka kesho nyingine ya 6,500, umeshalipa mara mbili na huna kitu.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda, na ndiyo niliyoifuata. Tafuta kwa wauza mitumba ya vifaa vya umeme zile spika za mbao zilizokuja na redio kubwa kutoka ng'ambo. Redio yenyewe huharibika, spika hubaki, na watu huzipuuza kwa sababu hazina taa. Kagua ule mpira au sponji unaozunguka koni. Ukiwa umemomonyoka kama mkate mkavu, achana nazo. Kisha nunua kibao kidogo cha amplifaya chenye kipande cha TPA3116. Kipande hicho hufanya kazi kwa umeme wa volti 4.5 hadi 26, maana yake ile chaja ya volti 19 ya kipakatalishi chako kilichokufa inapata ajira mpya. Nyaya mbili hapa, nyaya mbili pale, kasha la plastiki la jikoni, umemaliza. Mimi yote pamoja yalinigharimu shilingi 4,800, chini ya bei ya wufa.

Na hizo spika moja moja za Bluetooth za kubeba mkononi? Ni nzuri jikoni na safarini. Lakini kulia na kushoto vinatoka katika kopo moja, kwa hiyo magitaa mawili yaliyokuwa yamekaa mbali sasa yamekaliana magoti. Na ukitazama video, midomo mara nyingi hutangulia maneno. Mezani tumia waya.

Ukifika Luthuli, usikubali muuzaji akuwekee wimbo wake. Ana wimbo mmoja tu, na umechaguliwa kwa sababu hiyo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Beba simu yako na waya wako, na nyimbo tatu unazozijua kama jina lako: moja ya sauti ya mtu na gitaa moja, moja ya magitaa mengi, moja ya besi inayotembea. Mwombe apunguze sauti. Ndiyo, apunguze. Sauti kubwa huficha dhambi nyingi. Je, unaweza kufuata besi noti kwa noti, au ni du-du-du? Je, mwimbaji yuko mbele yako, au yuko chini ya meza? Kisha simamisha wimbo, ongeza sauti hadi mwisho, usikilize kimya: ukisikia mlio wa nyuki, mlio huo utakwenda nao nyumbani. Zungusha kitufe cha sauti polepole, kikikwaruza kikiwa kipya, mwakani kitakuwaje? Gonga sanduku kwa kidole. Halafu geuza, usome kibandiko cha nyuma kwa sauti, muuzaji akusikie.

Ukifika nyumbani, lipo jambo la bure linaloshinda elfu mbili za nyongeza. Weka spika mbali kiasi cha umbali kati ya kila moja na kichwa chako, zielekeze usoni, ziinue kwa vitabu hadi twita zifike usawa wa masikio, na uzisogeze mbali na kona ya ukuta. Vile vitabu vya Java ambavyo hatuvisomi tena vinafaa sana.

Mwisho nataka kusema jambo ambalo si la mafundi peke yao. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinasema mtumiaji ana haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa hizo. Mwaka 2012 Bunge likatunga sheria ya kuwalinda watumiaji inayokataza maelezo ya uongo na ya kupotosha. Kule Marekani walichoka na uongo wa wati za amplifaya zamani sana. Kanuni yao ilitoka mwaka 1974, na mwaka 2024 wakaifanyia marekebisho ili iwe kali zaidi. Sisi hatuhitaji hata maabara. Sharti moja lingetosha: namba ya mbele ya boksi isizidi namba iliyo kwenye kibandiko cha nyuma. Basi. Anayetaka kuandika elfu kumi na aandike, ila aonyeshe plagi nne.

Hadi siku hiyo ifike, tuna silaha moja, nayo ni kutokununua. Wauzaji si wajinga. Wanaagiza tunachokiuliza. Tukiuliza "ni wati ngapi?" watatuletea namba. Tukiuliza "RMS ni ngapi, na nisikie sauti ya mtu," watatuletea spika.

Mjomba alikuja tena wakati wa Pasaka. Zile spika za mitumba zilikuwa zimeinuliwa juu ya vitabu vinne, hazina taa, hazipendezi kitu. Nikamwekea kaseti ya kwanza, upande wa kwanza. Kikombe hakikutembea. Alisikiliza kwa muda, kisha akainua kidole.

"Hapo," akasema. "Hapo nilikosea."

Nikarudisha nyuma, tukasikiliza tena. Kweli, alikosea. Ametoa noti moja mapema, miaka arobaini iliyopita, mbele ya watu waliokuwa wakicheza na ambao hawakujua. Alicheka hadi akafuta macho, akaniambia nirudishe mara ya tatu.

Haya, mimi narudi kwenye ile seva. Anayetaka ile programu ya Python aniambie nitamtumia. Na yule aliyeniuliza kuhusu wufa ya shilingi 5,500 iliyo dirishani pale karibu na kituo: ndugu yangu, igeuze kwanza.